Mke wangu amefungia mashine yangu ya michezo kabatini

Mama mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 64 na ninaumwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Ulinianzia mkono wa kuume nikiwa bado kazini: mwandiko wangu ubaoni ulizidi kuwa mdogo hadi watoto wa madawati ya nyuma wakawa wanasimama ili wasome. Wenzangu wengine walinong'ona kwamba nimeanza kunywa. Daktari alipoupa ugonjwa jina lake nilipumua kidogo, maana ilijulikana kuwa si pombe wala sijarogwa.

Kutetemeka nimekuzoea. Kinachonitesa ni miguu. Hatua zimekuwa fupi, nyayo zinaburuta, na nikifika mlangoni miguu inanasa kabisa, kama mtu kaipigilia misumari sakafuni. Kichwa kinasema twende, miguu haisikii. Kanisani ndiyo shida zaidi. Waumini walio nyuma yangu mlangoni husubiri kwa adabu, halafu huanza kukohoa.

Mwaka jana mwanangu anayefanya kazi Ndola, Zambia, alikuja na mashine ya michezo ya video aliyoinunua imeshatumika, Xbox 360 pamoja na kamera yake ya Kinect. Hushiki kitu mkononi. Unasimama mbele ya televizheni, kamera inauona mwili wako, ukiinua mkono, mtu wa kwenye skrini naye anainua. Mwanangu alisema huko Ulaya wanatibu Parkinson kwa michezo hii. Mimi nilicheka, lakini mjukuu wangu tunayekaa naye hakuniacha nicheke sana. Alinisimamisha akaniwekea mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha vigingi, baadaye ule wa mashua inayoshuka mtoni, ambapo unakwepa magogo kwa kusogea kulia na kushoto. Yeye hukaa kwenye mkono wa kiti akiniongoza kwa kelele: "Nkambo, inama! Nkambo, kushoto, kushoto!"

Mama, sikumbuki ni lini nilicheka hivyo. Na miguu ilibadilika. Tulicheza karibu kila asubuhi wakati wa likizo, na baada ya majuma kadhaa nilikuwa navuka lupango, yaani ua wetu, hadi bombani bila kushika ukuta. Hatua zilirefuka, na mkono wa kuume ukaanza tena kwenda mbele na nyuma nikitembea. Kine wa hospitalini, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye namwona kwa nadra kwa sababu ya bei, aliniuliza kama nimebadilishiwa dawa.

Mke wangu hakuupenda mchezo tangu mwanzo. Anauza vitenge soko la Kenya, hapahapa mjini, anarudi amechoka, anamkuta mumewe, mzee wa kanisa, anapunga mikono mbele ya televizheni. Dirisha letu la saloni, yaani sebule, linatazama barabara. Jirani mmoja alimwuliza kama siku hizi tunafanya maombi ya kutoa pepo nyumbani. Hilo lilimchoma.

Kisha nikaanguka. Ilikuwa jioni, shule zimeshafunguliwa, nangoja chakula ili nimeze kidonge changu cha usiku. Mjukuu akaomba mchezo mmoja tu. Katikati ya mchezo umeme ukakatika, nikaangukia meza ndogo. Nilipasuka juu ya jicho, mkono ukavimba. Mke wangu aliniinua peke yake gizani, damu ikichuruzika kwenye kitenge chake. Hakusema neno. Kesho yake alfajiri alichomoa nyaya, akaifungia mashine kabatini, na ufunguo anakwenda nao sokoni. Anasema itauzwa, pesa inunue dawa. Na ni kweli dawa ni ghali, siku hizi nazibanabana ili zifike mwisho wa mwezi.

Tangu hapo tunaongea ya lazima tu. Miguu imeanza kurudi ilikokuwa. Mwanangu akipiga simu Jumapili kuuliza nimefikia pointi ngapi, namjibu kwa mkato. Nina njia tatu kichwani. Niwaite kaka za mke wangu tufanye kikao, waamue. Au nikubali yaishe. Au niende kwa kijana wa nyumba ya tatu, anayechezesha watoto michezo ya video kwa malipo. Ana kamera kama yangu, na mama watoto akiwa sokoni hatajua.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nataka kujua: mchezo huu unanisaidia kweli, au nilijidanganya? Na kama unanisaidia, mke ana haki gani ya kuufungia?

Mwalimu wa Katuba

JIBU

Mwalimu,

Pole kwa jicho, na pole kwa ukimya ulioingia nyumbani kwenu, maana naona huo ndio unaouma zaidi ya jeraha. Umeniletea maswali mawili ukayaandika kwenye mstari mmoja: moja la miguu, jingine la ndoa. Unatumaini likijibiwa la kwanza, la pili litajijibu lenyewe. Niruhusu niyatenganishe kwanza, halafu tuone kama yatakubali kurudiana.

La miguu nina cha kukuambia. Katika Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hupungua, na kazi moja ya dopamini ni kuendesha mambo ambayo mwili huyafanya bila kuyafikiria. Wewe na mimi tulipokuwa vijana tulitembea huku tukibishana habari za mpira, na hakuna aliyekuwa akihesabu hatua zake. Kwako sasa kila hatua inataka amri. Ukitoa amri, hatua inatoka nzuri. Ukigeuza mawazo kidogo, ukamsalimu mtu au ukatafuta funguo mfukoni, hatua inafupika. Mlango nao unakubana kwa sababu jicho linaona nafasi inakuwa nyembamba, na miguu inasita.

Mchezo unafanya nini hapo? Unakupa shabaha ya kuitazama. Mguu usiosikia kichwa chako husikia gogo linalokuja kwenye skrini. Unakulazimisha kufanya mwendo mkubwa, kwa sababu ukinyoosha mkono nusu kamera inakupa nusu, na unapata jibu papo hapo kama umefanya sawa. Tena unakufanyisha mambo mawili kwa wakati mmoja, kusogea na kuamua, jambo ambalo ugonjwa huu unalichukia. Kwa hiyo hukujidanganya kuona kwamba kuna kitu pale.

Mwanao naye hakubuni, ila neno "kutibu" limezidi kipimo. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi tano, zikiwemo Ubelgiji na Italia, kwa watu 302 wa miaka 60 hadi 90 waliokuwa wakianguka mara kwa mara, karibu nusu yao wenye Parkinson. Wote walitembea juu ya mashine ya mkanda mara tatu kwa juma kwa majuma sita. Nusu yao waliwekewa pia skrini yenye vizuizi vya kuruka na njia za kuchagua, kamera ikiwaonyesha miguu yao wenyewe. Katika miezi sita iliyofuata, hao wa skrini walianguka mara chache kuliko wenzao wa mkanda peke yake. Mwaka huohuo wachambuzi wa Cochrane, shirika linalopima tafiti za tiba, walikusanya majaribio manane ya mazoezi ya aina hii kwa wagonjwa wa Parkinson na kukuta kwamba, yakilinganishwa na mazoezi ya kawaida ya kine, huenda yanarefusha hatua kidogo zaidi. Katika usawa wa mwili na ubora wa maisha, tofauti haikuonekana, na wenyewe walisema ushahidi ni mdogo. Hakuna popote palipoonekana kwamba mchezo unausimamisha ugonjwa. Na wale wa mkanda walisimamiwa na wataalamu. Xbox yako ilitengenezwa kwa ajili ya vijana wa saloni. Haijui umri wako wala dawa unazomeza, na ikikuambia uruke inataka uruke kweli.

Sasa, mtu wa hesabu, hebu tuikague barua yako mwenyewe. Asubuhi za likizo ulicheza vizuri. Nadhani kidonge cha asubuhi kilikuwa kimeshaanza kazi, kuna mwanga, umepumzika. Jioni ile ulikuwa unangoja kidonge, maana yake dawa ya mchana ilikuwa inakwisha mwilini. Siku hizo ulikuwa tayari unazibanabana, au ulianza baadaye? Kisha umeme ukakatika. Mwenye Parkinson husimama kwa msaada mkubwa wa macho, ukimzimia taa ghafla unampokonya fimbo asiyojua kuwa anaishika. Na meza ilikuwa palepale. Katika mambo hayo yote, mchezo una sehemu yake, siukingi. Lakini je, ungesimama saa hiyohiyo, gizani hivyo, ukatafuta kibiriti, usingeanguka? Swali hilo mpelekee mama watoto pia, kwa upole, isije ikawa hoja ya kumshinda.

Kuhusu vidonge, hapa nitakuwa mkali kidogo. Kubanabana levodopa, dawa kuu ya Parkinson, kwa kujipimia mwenyewe ni hatari kuliko mchezo wowote wa mashua. Ikipungua, miguu hunasa zaidi, na ikikatika ghafla mtu anaweza kuzidiwa vibaya hadi kulazwa. Kama pesa haitoshi, daktari aambiwe hivyo bila haya ili mpange naye. Mwulize pia kuhusu saa za kumeza. Wagonjwa wengi huambiwa wameze karibu nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu samaki, nyama na maharagwe vinaweza kugombania njia na dawa tumboni. Bukari yenyewe, yaani ugali, haina neno, mboga yake ndiyo ya kuangalia. Wewe unangoja chakula ndipo umeze. Labda ulielekezwa hivyo kwa sababu ya kichefuchefu, labda ni mazoea. Na siku ukitapika, ukapelekwa zahanati yoyote, sema kwanza kwamba una Parkinson, maana metoklopramidi, dawa ya kutapika wanayoitoa kwa wepesi kila mahali, huifungia dopamini njia na kukukaza mwili wote.

Nije kwa mama watoto.

Umeandika kwamba anaona haya, na pengine ni kweli, neno la pepo si dogo kwa mke wa mzee wa kanisa. Lakini mimi nilikwama kwenye sentensi nyingine: "aliniinua peke yake gizani." Umeipita haraka. Mwanamke aliyeshinda soko la Kenya tangu asubuhi anamwinua mwanamume mzima, hajui kama jicho limetoka au limebaki, mtoto analia pembeni, na hakuna hata taa. Aliposhika ufunguo kesho yake, alikuwa anafungia nini? Mimi simjui, naweza kukosea. Ila umemwuliza? Siyo "kwa nini umefungia mashine yangu," hilo atakujibu kwa hasira. Mwulize usiku ule ulikuwaje kwake.

Na tazama nani alikuwa ndani ya mchezo huo tangu mwanzo. Mwanao alileta, mjukuu anaongoza, wewe unacheza, kine anashangaa. Mama watoto alipewa kazi gani? Kazi yake ilikuja siku ya damu.

Kwa hiyo neno "haki" naliogopa kidogo. Mwili ni wako, na ni vibaya mtu mzima kufungiwa kitu chake kabatini, hilo nalo nalisema wazi, na siku moja anapaswa kulisikia kutoka kwako. Ila ukianza na haki, naye anazo zake: yeye ndiye atakayekuuguza ukivunjika nyonga.

Kikao cha kaka zake kina uzito wake. Watu wazima wakikaa, maneno hupoa. Lakini ajenda ikiwa ni nani atashika ufunguo, mmoja wenu atatoka pale ameshindwa mbele ya ndugu, na mtarudi kulala nyumba moja. Nafikiri ndugu wangefaa zaidi wakiitwa kwa jambo jingine ambalo mnakubaliana nyote wawili: bei ya dawa. Hapo hakuna wa kuaibishwa, na mwanao wa Ndola anayeuliza pointi anaweza kuulizwa anachangia nini.

Kuhusu kijana wa nyumba ya tatu, ninaelewa tamaa yako ya kwenda kwake. Lakini hakujui. Hajui kwamba ukigeuka haraka miguu inapishana, wala kwamba ukiinuka ghafla kutoka kitini presha inaweza kushuka ukaona giza. Ukianguka kwake, mbele ya watoto waliolipa kucheza, habari itafika sokoni kabla hujafutwa vumbi, na mke wako ataambiwa na mteja. Baada ya hapo hata mkifungua kabati, kitu kingine kitakuwa kimefungwa.

Kukubali yaishe pia kuna gharama yake, na wewe umeanza kuilipa. Mwili wa Parkinson usiochezeshwa hukakamaa upesi. Na hoja ya kuuza mashine isidharauliwe, dawa ndiyo inayotangulia, bila dawa hata mchezo hautachezeka. Ila Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, na vitu vya zamani hivyo huuzwa kwa bei ya kusikitisha. Kabla hamjagombana juu ya pesa hiyo, mwulizieni fundi itafika ngapi. Pengine mtakuta mnagombania vidonge vichache tu.

Iko njia ambayo hukuitaja, sijui kama itakubalika kwenu. Mashine itoke kabatini kwa masharti ambayo mama watoto mwenyewe ameyaandika. Kwa mfano asubuhi ya Jumamosi, kidonge kimeshashika, kabla hajaenda sokoni au siku asiyokwenda. Meza ndogo itoke nje. Viatu vinavyoshika mguu, siyo malapa. Kiti kizito karibu yako cha kushika, na taa ya kuchaji ambayo inawaka yenyewe umeme ukikatika. Mchezo wa tufe ubaki, ule wa mashua usubiri mpaka kine auone. Mjukuu amrekodi babu yake kwa simu, video iende kwa kine siku ya miadi, naye aseme mwendo upi unakufaa na upi ni wa vijana. Awepo mtu mzima, mjukuu hawezi kukudaka. Na dirisha la saloni, Mwalimu, katika nyumba ya muuza vitenge hakika halikosi pazia.

Hatari zake zipo. Anaweza kukataa katakata. Anaweza kukubali kisha akakusimamia kwa wasiwasi hadi raha yote ikaisha, na wewe ukajisikia mtoto wa darasa la kwanza. Hata ukifuata kila sharti unaweza kuanguka tena, kwa sababu ugonjwa huu huangusha watu hata wasiocheza. Mliongee hilo kabla, ili siku hiyo ikifika asionekane aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Wakati kabati bado limefungwa, miguu isingoje. Wewe ni mwalimu, chaki huikosi. Chora mistari ya kukata njia, kutoka kitandani hadi mlangoni na kupita kizingiti, nafasi ya hatua moja nzuri kati ya mstari na mstari, kisha tembea ukikanyaga juu yake. Madaktari wanaijua mbinu hii tangu miaka ya 1960: mguu ulionasa mara nyingi hunasuka ukipewa mstari wa kuvuka. Kanisani hakuna chaki, lakini vigae vina mistari, au hesabu moja-mbili kimoyomoyo kabla ya kuinua mguu. Kwenye kona zunguka kwa upana, usigeuke papo kwa papo. Muziki pia unafanya kazi hiyo, kwa sababu mdundo unaingia mahali ambapo ubongo umeacha kupiga wake. UNESCO waliiandika rumba yetu katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, lakini mama watoto hahitaji cheti hicho. Kama mliwahi kuicheza pamoja, mwombe wimbo mmoja saloni, umshike vizuri. Hapo hakuna jirani atakayeuliza habari za pepo, na akiuliza, mwacheni aulize.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa mashine hizi hulisahau: mwendo uliojifunza mbele ya skrini haujipeleki wenyewe barabarani. Kufika bombani kwako kulikuwa ushindi kuliko pointi zozote. Mlango wa kanisa ufanyie mazoezi siku ya kazi, kukiwa kumetulia, na mtu pembeni yako.

Utaanzia wapi, unajua wewe. Ningekuwa karibu ningekushauri usianze mazungumzo jioni akirudi sokoni, wala wewe ukiwa unangoja dawa. Nyote wawili mtakuwa mmechoka na sauti yako itakuwa chini, atadhani umenuna. Na kama mtafika kwenye habari za usiku ule na akaanza kulia, usimkatize umweleze Lancet wamesema nini.

Niandikie tena, hata kama ni kuniambia mashine imeuzwa. Na kwa daktari usingoje miadi kuhusu vidonge, nenda juma hili, mama watoto akiwa nawe kama anaweza kufunga meza yake kwa asubuhi moja.